Mlima Mrima: Leseni mbovu ilivyoangusha dai la mabilioni

Agosti 2013, Waziri wa Madini wakati huo, Najib Balala, alifuta leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba niobi na madini adimu Mlima Mrima, Kwale. Ilikuwa imetolewa Machi mwaka huohuo.

Wawekezaji walipokataliwa na Mahakama Kuu, mawakili wao walitumia mkataba wa Kenya na Uingereza wa kulinda uwekezaji. Mwaka 2015 walipeleka dai ICSID, kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, wakidai takriban dola bilioni 2.

Huko kesi husikizwa na wasuluhishi watatu. Kwa kawaida kila upande huteua mmoja, na wa tatu huwa mwenyekiti. Wakili wa mwekezaji sharti aonyeshe mambo matatu: mteja wake amewekeza kihalali, serikali imevunja mkataba, na hasara ni kiasi gani.

Cortec ilikwama kwenye lile la kwanza. Mrima ni msitu wa hifadhi na kaya takatifu ya Wadigo, na sheria za mazingira hazikufuatwa. Oktoba 2018 wasuluhishi waliamua kuwa leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na uwekezaji wa kulindwa. Ombi la kutengua uamuzi huo lilikataliwa 2021.

Kwa hiyo mchimbaji akija kijijini, tumuulize mapema: tathmini ya mazingira iko wapi? Karatasi hiyo hutulinda sisi, na humlinda yeye pia.