Unapulizia dawa kwa kulipwa? Tafuta kibali

Ndugu zangu wa Hasamba, msimu ukianza vijana wengi wanabeba bomba mgongoni, wanapulizia kahawa na mahindi ya watu kwa malipo. Ni kazi nzuri. Ila ukishapokea hela ya mwenzako hiyo ni biashara, na biashara hii ina kibali chake.

Kibali kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao makuu Arusha. Anza na mafunzo ya matumizi salama, ndipo uombe. Ukikwama, muone afisa ugani wa kata.

Usiseme ni usumbufu tu. Mafunzo yanakufundisha kusoma lebo: utepe mwekundu ni sumu kali kuliko zote, halafu njano, buluu, mwisho kijani. Pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usipomwambia mama mwenye shamba, kesho atachuma majani ya maboga katikati ya mahindi uliyopulizia, awapikie watoto.

Kwa hiyo kabla hujaondoka shambani, mwandikie jina la dawa, tarehe uliyopulizia na siku atakayoruhusiwa kuchuma.