Tangi la Samaki Lataka Wakati Kabla ya Mashine

Miaka kadhaa iliyopita niliwanunulia wanangu tangi la kioo na samaki 12 wa rangi. Jioni ile ile tulilijaza maji ya mfereji, tukawatia samaki, tukawasha taa. Siku ya tano wa kwanza akaelea. Kufika wiki ya pili walikuwa wamebaki wawili. Mama mkwe akasema ni jicho la watu. Aliyeniuzia akasema pampu ni ndogo, ninunue kubwa. Nikanunua, na wale wawili nao wakafa.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba lile tangi halikukosa mashine. Lilikosa wakati.

Nalikumbuka hilo kila nionapo tangi kubwa limewekwa hotelini au sebuleni mwa mtu hapa kwetu, maji yanang'aa leo, na mwezi ujao ni kijani kitupu. Pesa zimekwenda na viumbe wamekufa. Basi, ndugu msomaji, natutazame tangi moja kubwa lililofaulu, tuone lilifanywaje.

Tangi hilo lilijengwa Lisbon, Ureno, mji ule ule alikong'oa nanga Vasco da Gama kabla ya kufika Malindi mwaka 1498. Lilifunguliwa Aprili 2015 katika Oceanário de Lisboa, na aliyelisanifu ni Mjapani, Takashi Amano. Bwana huyu alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kabla ya kuwa mpiga picha na fundi wa kupanga mimea ya majini. Alifariki Agosti mwaka huo huo, miezi michache tu baada ya kazi yake kufunguliwa.

Tangi lina urefu wa mita 40 na maji baridi, yasiyo ya chumvi, lita 160,000. Kwa hesabu yetu hiyo ni mitungi 8,000 ya lita 20. Ndani yake mlitiwa tani 25 za mawe ya volkano kutoka visiwa vya Azores, magogo 78 ya miti, mimea ya majini ya aina 46, na samaki wadogo wapatao 10,000. Ukigawa, kila samaki, na wengi hawazidi kidole, ana lita 16 za maji. Yaani samaki mmoja karibu na mtungi wake mzima. Mimi niliwapa wangu lita tano tano.

Uchafu unavyogeuka chakula

Samaki hunya na kukojoa katika maji yale yale anayovuta pumzi. Chakula alichokiacha huoza humo humo. Katika uchafu huo hutoka amonia, sumu inayounguza matamvua yake. Baharini au mtoni sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda.

Wanaoiondoa ni bakteria. Kuna wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana ikiwa haikuzidi. Bakteria hawa hujishikiza kwenye changarawe, mawe, magogo na sponji ya chujio. Kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi miwili kuenea vya kutosha. Tangi jipya halina jeshi hilo, hata kama pampu yake ni ya bei gani. Ndiyo maana samaki wangu walikufa: niliwaingiza katika nyumba isiyo na choo.

Hapa ndipo mimea inapoingia kazini. Mmea hufyonza amonia na nitrati kama mboga shambani inavyofyonza samadi. Mchana, kwenye mwangaza, hutumia hewa ukaa na kutoa oksijeni. Samaki hulisha mmea, mmea humsafishia samaki maji. Hiyo ndiyo mizani inayosemwa.

Usidanganyike lakini kwamba mizani hii hujishika yenyewe. Matangi ya namna ya Amano huwekewa taa kali, machujio na hewa ukaa ya kuongezwa, na lile la Lisbon huingiwa na wapiga mbizi wenye mikasi, wakaikata mimea isije ikazibana njia za maji na mwangaza. Mimea isipopunguzwa, ya juu huitilia giza ya chini, ya chini huoza, na kilichooza hurudi kuwa amonia. Maji nayo hubadilishwa sehemu kwa sehemu, si yote kwa pamoja. Mashine zipo, ila kazi yake ni kuwasaidia bakteria na mimea, haziwezi kushika nafasi yao.

Na ule ukijani unaoziba kioo? Huo ni mwani mdogo, na hushamiri pale mwangaza na uchafu vinapozidi kiasi ambacho mimea inaweza kutumia. Dawa yake ni kupanda mimea mingi tangu siku ya kwanza, kuwasha taa saa nane hivi kwa siku, na kulisha kidogo. Amano pia aliwapa sifa kamba wadogo wanaoula mwani huo, na leo duniani kote wanaitwa kwa jina lake.

Ukubwa una faida na hasara yake

Maji mengi husamehe. Chakula kikizidi katika mtungi mmoja ni msiba, kikizidi katika maelfu ya mitungi ni jambo la kurekebishwa. Joto nalo hupanda na kushuka polepole. Lakini kosa likishaenea katika maji mengi, huwezi kuyamwaga ukaanza upya kesho.

Tena kuna uzito. Kila lita 1,000 za maji ni tani moja. Tangi la lita 2,000 ni tani mbili kabla hujahesabu kioo, changarawe na mawe. Ukitaka kuliweka ghorofani, muulize mhandisi kwanza. Angalia pia kina: mwangaza hupungua kadiri unavyoshuka majini, na kusafisha chini huwa taabu. Tangi la Lisbon lilitandazwa kwa urefu kuliko kina.

Ya kuangalia huku kwetu

Kwanza, mawe. Jiwe la matumbawe linapatikana kila mahali pwani na linavutia, lakini ni chokaa. Huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu, na mimea mingi ya maji baridi haipendi. Jiwe la volkano halibadilishi maji hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, pima maji ya kisima kabla ya kuyatumia. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika matumbawe, na vingine vina chumvi.

Pili, dawa ya mfereji. Klorini inayoua vijidudu katika maji ya kunywa huua pia bakteria wako wema. Yaache maji wazi kwenye pipa siku nzima kabla ya kuyatia. Sponji ya chujio usiioshe mferejini, isuuze katika maji uliyoyatoa tangini.

Tatu, joto na stima. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea huacha kuitoa lakini huendelea kuivuta. Stima ikipotea usiku, alfajiri utawakuta samaki wanahema juu ya maji. Weka tangi mbali na jua la dirishani, usijaze samaki, na uwe na pampu ndogo ya betri.

Nne, ukichoka na tangi lako usiumwage mmea wala samaki mtoni au kisimani. Gugu maji linalowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilienezwa duniani kwa sababu watu walilipenda ua lake.

Wazee walilijua

Jambo hili si geni kwetu. Katika nyumba za kale za Lamu palikuwa na birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilijengewa bakuli la kaure. Siku ya kusafisha, maji yakishatolewa, samaki walibaki ndani ya bakuli wakisubiri birika lijazwe tena. Aliyejenga birika aliifikiria siku ya kusafisha kabla hajatia tone la kwanza la maji. Fundi wa tangi kubwa leo atakiwa kuanza papo hapo: nitalisafishaje, maji yatatoka wapi, na samaki watakuwa wapi siku hiyo?

Mara ya pili nilipanda majani matupu, nikangoja wiki tisa. Wanangu wakalicheka, wakaliita shamba la mchicha. Wiki ya kumi nikatia samaki watatu, na mwezi uliofuata watatu wengine. Pampu ni ile ile ndogo ya kwanza. Mama mkwe akija siku hizi huvuta kiti akakaa mbele yake, na habari ya jicho haitaji tena.