Je, Wajua? Oili ya gia hupanda waya

Oili ya giaboksi inaweza kupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi! Katika Mercedes-Benz zenye giaboksi ya 722.6, iliyoanza kutumika 1996, mipira ya plagi ya umeme ikichoka, oili hupenya na kutambaa ndani ya nyaya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Chomoa soketi ya kompyuta, utaikuta imelowa.

Kompyuta ikichanganyikiwa, gari hung'ang'ania gia ya 2. Hiyo ni kinga, giaboksi isiungue.

Betri chovu nayo huvuruga gia. Ajabu, wengi hukimbilia kushusha giaboksi nzima, kumbe ugonjwa ni kiplagi cha bei ndogo. Mwambie fundi apime umeme kwanza.