Waya, kebo na koaksia

Katika maduka ya vifaa vya umeme mteja huomba "waya wa dishi" au "waya wa antena", na muuzaji humwelewa bila shida. Neno waya, ambalo wengi hulitumia katika ngeli ya U-ZI (waya huu, nyaya hizi), kwa maana yake finyu hutaja uzi wa madini, mtupu au uliovikwa plastiki. Kebo, ya ngeli ya I-ZI, ni mkusanyiko: vipitishi viwili au zaidi vilivyotenganishwa kwa kihami na kufunikwa kwa ganda moja. Mtaani kuchanganya maneno hayo hakumdhuru mtu. Katika mwongozo wa matumizi ni jambo jingine: mfasiri akiandika "hakikisha waya haugusi waya", msomaji aliyeshika kisu hatajua ni upi usiguse upi.

Kebo ya koaksia ni ile ambayo sehemu zake zote zina mhimili mmoja. Ikikatwa, huonekana duara ndani ya duara. Katikati mna kiini, cha shaba au cha chuma kilichopakwa shaba. Kiini huzungukwa na kihami cheupe, mara nyingi povu la plastiki. Juu yake hufuata karatasi nyembamba ya alumini na wavu wa nyuzi za madini, na nje kabisa ganda. Karatasi na wavu kwa pamoja huitwa ngao, kwa kuwa huyazuia mawimbi ya nje yasiingie. Oliver Heaviside wa Uingereza alipata hataza ya muundo huu mwaka 1880, kabla televisheni haijakuwapo.

Sentensi ya mfasiri ingepaswa kusomeka: "Hakikisha hakuna uzi wa ngao unaogusa kiini." Tahadhari hiyo si ya bure. Katika kebo ya dishi, kisimbuzi (au king'amuzi, kama wengi wanavyokiita Tanzania) hupeleka umeme wa volti 13 au 18 hadi kwenye kifaa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Uzi mmoja mwembamba ukigusa kiini, hutokea shoti, na kisimbuzi kinaweza kuharibika.

Televisheni hutumia kebo ya omu 75. Ile ya omu 50, iliyotengenezwa kwa ajili ya redio za mawasiliano, hufanana nayo kwa sura, lakini ikiunganishwa na televisheni sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Maandishi ya kutafuta kwenye ganda ni RG-6. Kebo ya RG-59 ni nyembamba zaidi na hupoteza mawimbi mengi zaidi, hasa ya dishi, ambayo hupita katika kebo kwa masafa ya megahezi 950 hadi 2150. Hata RG-6 hupoteza takriban desibeli 20 kwa kila mita 100 katika megahezi 1000. Kwa hiyo kuacha mita 20 za ziada zikiwa zimeviringwa nyuma ya kabati ni hasara tupu. Kiini cha chuma kilichopakwa shaba si udanganyifu wa muuzaji, kwani mawimbi ya masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya kiini tu. Hata hivyo, dishi likiwa mbali, shaba tupu hufaa zaidi, maana umeme wa LNB hupita katika kiini chote.

Adui mkubwa wa kebo ni maji. Yakiingia kwenye kiunganishi cha nje, hutambaa ndani ya ngao na kuila taratibu. Kebo iache ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta kabla ya kuingia ndani, ili matone yadondoke hapo. Isikunjwe kwa kona kali wala kubanwa na misumari, kwani kihami kikibonyea umbali kati ya kiini na ngao hubadilika. Kusokota vipande viwili na kuvizungushia selotepu nyeusi ni kazi ya kuharibu. Kiungio cha kufaa hakina bei kubwa.

Zamani kebo iliyochoka ilijulikana kwa chenga kwenye kioo. Matangazo ya dijitali hayatoi onyo refu hivyo: picha hubaki safi, kisha hukatika vipande, huganda na kupotea, mara nyingi wakati wa mvua. Kabla ya kumlaumu mrusha matangazo, viunganishi vifunguliwe, na kiini kikiwa na kutu ya kijani, ncha hiyo ikatwe na kuvuliwa upya.