Nafasi ya magoti: Keti nyuma kwanza kabla ya kulipia gari

KATIKA mitaa ya Mjambere, eneobunge la Kisauni, gari la kwanza la familia aghalabu huwa si la mtu mmoja. Baba ndiye aliyelilipia na ndiye anayelishika usukani, lakini siku ya Ijumaa au ya arusi kiti cha nyuma hujaa: mama mzazi anayeumwa na magoti, shangazi aliyekuja kutoka Malindi, na kijana wa sekondari aliyerefuka kupita baba yake. Hao watatu ndio watakaolijua gari hilo kwa undani kuliko mwenyewe.

Hata hivyo, mnunuzi anapofika kwenye yadi ya magari, mambo anayoyauliza ni yale yale. Atauliza injini ni ya ukubwa gani, linakunywa mafuta kiasi gani, limetembea kilomita ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Atafungua boneti, atapiga tairi teke, kisha ataketi kwenye kiti cha dereva na kushika usukani. Mlango wa nyuma ataufungua, atachungulia na kuufunga. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiti cha nyuma cha gari ni kitanda cha aina hiyo.

Makala haya yanaeleza nafasi ya miguu ya nyuma ni kitu gani hasa, kwa nini magari mawili yanayolingana kwa urefu hutofautiana sana kwa jambo hilo, na jinsi viti vinavyosogezwa vinavyoweza kumfaa mnunuzi wa gari dogo la SUV, aina iliyoenea mno katika barabara zetu.

Nambari inayodanganya

Watengenezaji wengi huchapisha kipimo cha nafasi ya miguu kwa sentimita au inchi. Kipimo kinachotumika sana, kilichowekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, huchukuliwa kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kwenye nyonga ya sanamu iliyokalishwa kitini, kisha huongezwa milimita 254. Kwa sababu hiyo, nambari inayoonekana kubwa haina maana kwamba kuna pengo la ukubwa huo mbele ya magoti.

Tatizo la pili ni kiti cha mbele. Kipimo cha nyuma hutegemea kiti hicho kimewekwa wapi, na mtengenezaji ndiye huchagua mahali hapo. Dereva mrefu akikirudisha kiti chake nyuma ili miguu yake ifikie pedali vizuri, sentimita zilizoandikwa kwenye karatasi humezwa. Isitoshe, katalogi za Kijapani mara nyingi huonyesha urefu wa chumba chote cha ndani, kuanzia dashibodi hadi kiti cha mwisho, bila kumwambia mnunuzi sehemu ya nyuma imepata kiasi gani katika urefu huo.

Kinachosaidia zaidi kukisia ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa maana viti vyote vya abiria hupangwa katika sehemu hiyo. RAV4 ya milango mitano iliyotoka miaka ya 1990 ilikuwa na umbali wa mita 2.41. Toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2019 lina mita 2.69. Nissan X-Trail iliyozinduliwa mwaka 2013 ina takriban mita 2.70, sawa na Mazda CX-5. Nissan Juke ya kwanza, ambayo kwa nje ina sura ya SUV, ina mita 2.53 tu, na abiria mzima akiketi nyuma hulitambua hilo mara moja.

Lakini hata umbali huo si mwisho wa maneno. Kiti kilicho karibu mno na sakafu huinua magoti na kuuacha uzito wote wa mwili juu ya makalio. Kiti cha mbele kisichoacha uwazi chini yake hunyima nyayo mahali pa kuingia. Na katika magari mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu manne, sakafu ya katikati ina tuta, hivyo abiria wa kati huketi akiwa amepanua miguu kama aliyepanda punda.

Viti vinavyosogea

Viti vya nyuma hurekebishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuulaza mgongo wa kiti. Ya pili ni kukitelezesha kiti chote juu ya reli, mbele au nyuma. Ya tatu ni kukikunja au kukiinua ili kupata nafasi ya mizigo.

Kulaza mgongo hakuongezi nafasi ya magoti. Humpumzisha abiria na kumpa nafasi ya kichwa, basi. Anayetafuta nafasi ya miguu anahitaji reli. Wauzaji wengi huyachanganya mambo haya mawili kwa kusema tu kwamba kiti "kinarekebishwa", na mnunuzi hana budi kuuliza: kinalala au kinateleza?

Jibu hutegemea mwaka wa gari, wala si jina pekee. RAV4 ya toleo la tatu, iliyozinduliwa mwaka 2005 na kuendelea kuuzwa Japani hadi 2016, ina kiti cha nyuma kinachoteleza na kulala. Ile ya mwaka 2019 na baadaye hulala tu. Honda CR-V iliyotoka mwaka 2006 ina kiti kinachoteleza. Toleo lililolifuata liliiacha reli hiyo. CR-V iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2018 inayo reli katika safu ya pili, lakini ni katika gari la safu tatu. X-Trail ya viti saba nayo ina safu ya pili inayoteleza. Volkswagen Tiguan imekuwa na reli tangu toleo la kwanza la mwaka 2007. Mazda CX-5 haina, ingawa tangu 2017 mgongo wa kiti chake unaweza kulazwa. Subaru Forester vilevile hulaza mgongo bila kutelezesha kiti.

Jambo hili lina uzito kwa mnunuzi wa Kenya kutokana na kanuni ya umri. Kiwango KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mpaka ulikuwa magari ya 2018. Kwa hivyo anayeisifu RAV4 ya jirani yake kwa kiti chake kinachoteleza, kisha akaagiza nyingine kutoka Japani, atapokea katika bandari ya Mombasa gari lenye jina lile lile lakini lisilo na reli. Akiitaka ile ya zamani, itambidi aitafute miongoni mwa zilizokwisha kutumika humu nchini.

Reli nayo haiumbi nafasi mpya. Kinachopewa magoti huondolewa kwenye buti. Kiti kikirudishwa nyuma kabisa, mabegi ya safari ya Nairobi hupungukiwa mahali pa kukaa. Kikisogezwa mbele, mizigo hufurahi na bibi huumia. Faida yake ni kwamba mwenye gari anaweza kuchagua kulingana na safari. Katika gari la safu tatu, kila sentimita anayopewa abiria wa safu ya pili hutoka kwenye magoti ya watoto walio safu ya tatu.

Zaidi ya starehe

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya watu waliodeka, kwa kuwa sote tulikulia katika matatu. Ni kweli kwamba kabla ya kanuni za mwaka 2003 zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, abiria walishindiliwa bila hesabu. Hata baada ya matatu kufungwa kwa abiria 14 na mikanda, magoti yaliendelea kugusa chuma cha kiti cha mbele. Lakini kutoka Mjambere hadi mjini kupitia daraja la Nyali ni safari fupi, ilhali kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480.

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa hatari ya damu kuganda miguuni huongezeka takriban maradufu kwa mtu aliyesafiri saa nne au zaidi akiwa ameketi bila kusonga, iwe ni kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo. Huzidi kwa wanene, kwa wanaotumia baadhi ya dawa za kupanga uzazi, na kwa warefu waliozidi mita 1.90 pamoja na wafupi wasiofikia mita 1.60. Nafasi ya kunyoosha mguu na kuzungusha kifundo, pamoja na kusimama njiani ili watu washuke, ni kinga isiyohitaji daktari.

Upande wa pili wa hatari ni kulaza kiti kupita kiasi. Mkanda wa usalama hufanya kazi ukiwa umeshika mfupa wa nyonga na kifua. Abiria aliyelala chali, gari likigonga, mwili wake huweza kuteleza chini ya mkanda na kuuacha ukimkandamiza tumbo. Gari likiwa katika mwendo, mgongo wa kiti sharti uwe wima kiasi cha mkanda kugusa bega.

La kuogopwa zaidi ni viti vya kuongezwa na mafundi ndani ya buti ili gari la watu watano libebe saba. Mtengenezaji hufunga kiti na mkanda kwenye sehemu za bodi zilizoimarishwa kwa ajili hiyo. Sakafu ya buti iliundwa kubeba mizigo. Boliti mbili zilizotobolewa pale haziwezi kumzuia mtoto katika ajali.

Dakika tano za yadini

Nenda yadini ukiwa na mtu mrefu kuliko wote nyumbani na aliye mzee kuliko wote. Dereva aweke kiti chake anavyokaa siku zote. Kisha keti nyuma yake. Tazama kama ngumi yako inapita kati ya goti na kiti cha mbele, kama nyayo zinaingia chini yake, na kama paja linaegemea kitako cha kiti badala ya kuning'inia. Mzee naye aingie na kutoka mara mbili, kwani mlango mwembamba au kizingiti kirefu humtesa mwenye magoti mabovu hata kama ndani ni papana.

Tafuta chuma au utepe wa kuvuta chini ya kiti na kando ya mgongo, ukijaribu reli hadi mwisho wake. Kiti lazima kijifunge kwa mlio na kisitikisike. Vuta kila mkanda, ukiwemo wa katikati. Ukiwa unaagiza kutoka ng'ambo, usitosheke na picha za intaneti, maana picha haina magoti. Mtafute mwenye gari la toleo hilo hilo, umwombe uketi nyuma.

Gari la zaidi ya Sh1 milioni hudumu na familia miaka mingi, na anayelipia huketi mbele miaka yote hiyo. Kabla ya kutia saini, ampishe mama aketi kwanza, kisha amsikilize.