Koo Limepona, Moyo Je?

Mtoto wa miaka 8 anaamka na homa, kumeza mate ni taabu. Mafindofindo. Anasukutua maji ya chumvi, siku ya nne yuko shuleni. Wiki tatu baadaye goti linavimba. Goti likitulia, kifundo cha mguu kinaanza, kisha kiwiko. Nyumbani wanasema kaumia mpirani. Huenda ni homa ya baridi yabisi: mwili unajishambulia wenyewe.

Chanzo ni bakteria wa kooni aitwaye streptokoko wa kundi A. Kinga ya mwili ni kama sungusungu: huikariri sura ya mwizi, kisha hufanya msako. Balaa ni kwamba bakteria huyu anafanana kwa sehemu na chembe za moyo, viungo na ubongo wetu. Mwizi keshakimbia, sungusungu wanampiga jirani mwenye shati kama lake.

Viungo kwa kawaida hupona kabisa. Vali za moyo hazina bahati hiyo. Kila shambulio laweza kuziachia kovu, mwishowe huvuja au hushindwa kufunguka sawasawa. Wapo wanawake wanaogundua hilo wakiwa wajawazito, pumzi zinapoanza kuwakata.

Kuna nafasi mbili za kuzuia. Ya kwanza iko kooni. Koo linalouma pamoja na kikohozi na mafua mara nyingi ni la virusi, halihitaji antibiotiki. Likianza kuuma ghafla, likaja na homa na tezi za shingo zilizovimba, bila kikohozi, mpeleke mtoto zahanati. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huzuia homa ya baridi yabisi. Vidonge ni vya siku 10, hata maumivu yakiisha siku ya pili. Kukata kimeo hakusaidii. Huleta kutokwa damu na maambukizi.

Ya pili huja baada ya shambulio la kwanza: sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka isiyopungua 5, na 10 au zaidi moyo ukiwa umeguswa. Hapa wengi huteleza, maana mtoto tayari anacheza, na sindano yenyewe inauma. Lakini sindano hiyo humfungia mwizi mlango, ili sungusungu wasiitwe tena.

Vali iliyoharibika sana haitengenezwi na kidonge. Huhitaji upasuaji, kama unaofanywa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mzazi, tarehe ya sindano ijayo iandike nyuma ya mlango, na ikifika usiiahirishe.