Cheti cha Ndoa Kivukapo Bahari

Maimamu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa huulizwa: kwa nini cheti cha mke anayemfuata mumewe Oman kipitie ofisi tatu, na hali ndoa ilishuhudiwa na jamaa?

Jambo hili si geni katika fiqhi. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengenezewa pete ya fedha ya kupigia muhuri. Wanazuoni nao waliweka mlango wa barua ya kadhi kwa kadhi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, muhuri peke yake hautoshi mpaka mashahidi wawili waadilifu waitolee ushahidi barua hiyo, kwani kadhi wa mbali haujui mwandiko wa mwenzake.

Ndivyo ilivyo leo. RITA huthibitisha kuwa cheti kimo daftarini. Wizara ya Mambo ya Nje huthibitisha saini na muhuri wa ofisa. Ubalozi wa nchi iendewayo huithibitisha saini ya Wizara.

Tanbihi kwa maimamu: nikahi iliyotimiza nguzo zake ni sahihi mbele ya Allah. Lakini karatasi ya msikiti isiyosajiliwa haina wa kuitolea ushahidi, na mjane aliye ugenini aweza kukosa mirathi kwa ajili yake. Kwa hiyo, fungisha ukiwa na leseni chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, andika majina kama yalivyo katika vyeti vya kuzaliwa, na upeleke nakala kwa msajili. Hiyo ni amana.

Wallahu a'alam.